Osha Uvungu Kabla ya Bodi

Majira ya baridi yanapoingia Cheektowaga, mji unaopakana na Buffalo katika jimbo la New York, magari yote huwa rangi moja. Jeusi, jekundu na la fedha, yote huvaa utando mweupe wa chumvi kuanzia milangoni hadi kwenye bampa. Mwenye gari akipata siku ya mapumziko hulipeleka kuoshwa, na kinachomtuliza moyo ni kuona bodi imerudi kung'aa. Kipimo hicho cha usafi kinawagharimu wasemaji wa Kiswahili wanaoishi katika miji ya theluji kama Buffalo, Columbus na Louisville. Kinawagharimu pesa, na wakati mwingine usalama wao. Katika nchi inayomwaga chumvi barabarani, maji ya kwanza yanapaswa kwenda kwenye uvungu wa madigadi, yaani ule uwazi ulio juu na nyuma ya kila tairi, ambako watu hawatazami. Dawa nyeusi ya kung'arisha sehemu hiyo ije mwisho kabisa, na isije hata kidogo ikiwa nia yake ni kufunika kile ambacho maji hayajaondoa.

Cheektowaga ina wakazi karibu 90,000. Ndani ya mipaka yake umo uwanja wa ndege wa kimataifa wa Buffalo Niagara, limo jengo kubwa la maduka la Walden Galleria, na yamo makutano ya barabara kuu ya I-90 na ile ya 33 iendayo katikati ya Buffalo. Theluji inayopimwa pale uwanjani hufikia wastani wa karibu mita 2.4 kwa msimu. Chanzo chake ni Ziwa Erie: upepo baridi ukipita juu ya maji ambayo bado hayajaganda, huchukua joto na mvuke, kisha huumwaga mvuke huo kama theluji katika ukanda mwembamba mashariki mwa ziwa. Novemba 2014 ukanda huo ulikaa juu ya vitongoji vya kusini na mashariki mwa Buffalo, Cheektowaga ikiwemo, ukaacha mahali pengine zaidi ya futi 5 za theluji, na madereva wakakwama kwenye I-90 kwa zaidi ya siku nzima. Desemba 2022 tufani ya theluji ya siku kadhaa iliua watu zaidi ya 40 katika kaunti ya Erie. Baada ya misiba kama hiyo, hakuna kiongozi atakayethubutu kuacha barabara bila chumvi. Na chumvi yenyewe haiko mbali: huchimbwa ardhini katika kaunti ya Livingston, mwendo wa kama saa moja kutoka hapo, na chini ya Ziwa Cayuga.

Chumvi huyafanya maji yachelewe kuganda. Mchanganyiko wa maji na chumvi wa asilimia 23, ambao idara za barabara hunyunyiza hata kabla ya theluji kuanguka, huganda kwenye nyuzi 21 za Selsiasi chini ya sifuri. Faida kwa dereva ni kwamba lami hubaki na majimaji badala ya barafu. Hasara ni kwamba majimaji hayo hayo hurushwa na tairi kwa nguvu, safari nzima, yakaingia katika kila mshono wa bati lililo juu yake. Kutu ni kazi ya kemia na umeme pamoja: chuma hupoteza elektroni, oksijeni huzipokea, na maji huwa njia ya kupitisha chaji. Maji matupu ni njia mbovu. Maji ya chumvi ni njia pana, tena kloraidi iliyomo hutoboa ule utando mwembamba ambao ungekikinga chuma. Uvunguni mwa madigadi mambo matatu hukutana. Changarawe hukwangua rangi. Matope hujaa kwenye ukingo uliokunjwa kwa ndani na kushika unyevu kwa siku nyingi. Tena jua na upepo wa kukausha havifiki. Kloraidi ya kalsiamu na ya magnesiamu, ambazo hutumika baridi inapozidi nguvu ya chumvi ya kawaida, huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo uchafu wenye kemikali hizo hubaki mbichi hata siku isiyo na theluji. Joto likipanda, kutu huongeza mwendo. Ndiyo sababu gari lililoingizwa katika gereji yenye joto bila kuoshwa huliwa upesi kuliko lililolala nje kwenye baridi kali, na ndiyo sababu mwezi wa Machi na Aprili, watu wanapodhani hatari imepita, kutu ndiyo kwanza imepamba moto.

Hasara hii imepimwa. Mwaka 2017 AAA, chama kikubwa cha wenye magari Marekani, kilikadiria kwamba kutu itokanayo na chumvi na dawa nyingine za kuyeyusha barafu huwagharimu madereva wa nchi hiyo kama dola bilioni 3 kila mwaka, na kwamba tengenezo moja hugharimu wastani wa karibu dola 500. Miaka miwili kabla ya hapo, NHTSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa magari, ilifunga uchunguzi wa muda mrefu kuhusu pikapu na magari makubwa ya General Motors yaliyotengenezwa kati ya 1999 na 2003, ambayo paipu zake za breki zilikuwa zikitoboka. Haikuamuru magari hayo yarudishwe kutengenezwa. Ilisema chanzo ni uzee na chumvi, kwamba magari ya kampuni nyingine katika majimbo ya chumvi yana hali kama hiyo, na ikawahimiza wenye magari kuosha chini ya gari mara kwa mara majira yote ya baridi, kisha kufanya usafi wa kina majira hayo yakiisha. New York na Ohio zimo katika majimbo yaliyotajwa. Uzito wa uamuzi huo uangaliwe vizuri: kazi ya kuzuia kutu ameachiwa mwenye gari, na silaha aliyopewa mkononi ni maji. Toyota nayo, kampuni ambayo magari yake Afrika Mashariki nzima huyaheshimu kwa uimara, mwaka 2016 ilifikia makubaliano ya kumaliza kesi, yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4, kuhusu shasi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikiliwa na kutu. Ikiwa shasi nene ya pikapu huoza, bati la madigadi ambalo unene wake haufiki milimita moja litajitetea kwa nini?

Wapo watakaoona kwamba haya ni mazungumzo ya wapenda magari. Ukweli ni kwamba ni mazungumzo ya mshahara. Katika mwaka wa fedha wa serikali wa 2019, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ndiyo iliyokuwa asili ya wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote miongoni mwa waliopokelewa Marekani, karibu 13,000 kati ya 30,000. Wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili, na mashirika ya mapokezi kama Journey's End na International Institute huko Buffalo, au Kentucky Refugee Ministries huko Louisville, yamekuwa mlango wao wa kuingilia maisha mapya. Kazi za mwanzo ni za maghala, viwanda, hoteli na nyumba za kutunzia wazee, na zamu huanza au kuisha saa ambazo mabasi ni machache. Gari la kwanza aghalabu ni kuukuu, limenunuliwa kwa fedha taslimu, na tayari limekunywa chumvi ya misimu mingi chini ya wamiliki wengine. Bima hailipi kutu. New York hutaka kila gari likaguliwe usalama wake kila mwaka, breki, usukani, shasi na tairi, na gari likianguka ukaguzi halirudi barabarani kihalali mpaka litengenezwe. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, wiki moja bila gari inaweza kuwa mwisho wa kibarua. Ohio na Kentucky hazina ukaguzi wa namna hiyo wa kila mwaka. Kwa hiyo huko Columbus na Louisville mwenye gari ndiye mkaguzi pekee, na asipokagua, onyo la kwanza huenda likawa pedeli ya breki inayozama hadi sakafuni. Theluji ya Louisville ni kidogo ukilinganisha na ya Buffalo, lakini soko la magari kuukuu halijui mipaka ya majimbo, na gari linalouzwa kusini leo huenda jana lilikuwa likipigwa chumvi kando ya Ziwa Erie.

Kazi yenyewe haihitaji ufundi wa gereji. Inahitaji mpangilio. Kuosha kuanzie uvunguni, kwa sababu matope yatokayo huko yatarukia bodi, na aliyeanza na bodi atarudia kazi. Rimu na breki zipoe kwanza. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi ghafla huweza kupinda. Usukani ukatwe hadi mwisho upande mmoja ili tairi ya mbele iachie nafasi, kisha upande wa pili. Maji ya presha yaelekezwe juu kabisa ya uwazi, yashuke polepole, yakae zaidi kwenye ule ukingo uliokunjwa kwa ndani, hasa wa magurudumu ya nyuma, maana hapo ndipo mapovu ya kutu hutokeza rangi ikiwa bado inaonekana nzima. Kisha kidole kipitishwe nyuma ya ukingo; kikitoka na mchanga, kazi haijaisha. Sabuni ya kuoshea magari na brashi ya mpini mrefu humaliza kilichobaki, na suuza ya mwisho iwe ya maji mengi yasiyo na presha kali. Bomba la presha lisisogezwe karibu mno na nyaya za sensa za breki wala mipira ya ekseli. Vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya milango viangaliwe visizibe. Majira ya baridi kazi hii ifanyike kila baada ya wiki moja au mbili, siku ambayo hewa imepanda juu ya nyuzi sifuri. Majira ya kuchipua yakifika, gari liinuliwe na kukaa juu ya stendi imara, tairi zitolewe, kinga za plastiki zilizo ndani ya uvungu wa madigadi zifunguliwe, matope yaliyolala nyuma yake yaondolewe, na paipu za breki pamoja na sehemu zinazoshikilia shokapu zikaguliwe. Kutu changa isuguliwe hadi chuma king'ae, ipigwe rangi ya msingi na rangi ya juu, kisha ndani ya mishono yapulizwe mafuta ya kinga ya nta au ya sufu ya kondoo, ambayo hutambaa hadi mahali ambapo brashi haifiki. Mafuta hayo yasiguse diski wala pedi za breki.

Sasa ndipo dawa ya kung'arisha inapopata nafasi yake, na ina nafasi ya haki. Juu ya kinga ya plastiki iliyo safi na kavu, dawa nyepesi yenye asili ya maji hurudisha weusi wa plastiki, huikinga isipauke, na hufanya matope ya safari ijayo yasigande kwa ukaidi. Anayefanya hivyo amefanya jambo la maana, na hakuna sababu ya kumwita mpenda sifa. Dawa nzito ya mafuta hushika vumbi, na ikirukia uso wa tairi unaokanyaga barabara au diski ya breki huwa hatari. Magari mengi mapya yana kinga za kitambaa kigumu badala ya plastiki. Hizo hutaka maji tu. Zaidi ya yote, dawa ya plastiki haizuii kutu ya chuma, na atakayeipaka juu ya bati lililoanza kuliwa amepaka rangi ya tumaini peke yake.

Tatizo kubwa zaidi liko kwa wauzaji wasio waaminifu. Njia rahisi ya kulifanya gari la miaka kumi na tano lionekane la miaka mitano ni kupuliza rangi nyeusi au lami ya mpira uvunguni, juu ya kutu, siku moja kabla ya kuliweka uwanjani. Mteja huona weusi mmoja uliokolea, akadhani gari limetunzwa. Chini ya lami hiyo unyevu na chumvi vimefungiwa, na chuma kinaendelea kuliwa gizani. Baada ya msimu mmoja lami hupasuka na kubanduka pamoja na vipande vya bati. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hapa anayeumbuliwa ni mnunuzi, muuzaji akiwa ameshapokea fedha. Kwa hiyo weusi mpya kabisa kwenye gari la zamani uwe sababu ya kuuliza maswali zaidi. Mnunuzi apapase ukingo wa ndani kwa kidole, atazame kama kuna mapovu, apitishe sumaku ndogo juu ya ukingo wa madigadi ili ajue kama ni bati au ni pati iliyojaziwa, na atake gari liinuliwe kwa fundi asiye wa muuzaji. Muuzaji akikataa, jibu limepatikana. Somo hili lina faida hata kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Goma anayeagiza gari kutoka Japani, kwa kuwa Hokkaido na mikoa mingine ya theluji ya nchi hiyo nayo hutumia chumvi barabarani, na picha za mtandaoni huonyesha bodi kwa ukarimu na uvungu kwa uchoyo.

Pingamizi la kwanza linalosikika ni la baridi yenyewe: kumwagia gari maji wakati wa barafu ni kulifungia milango. Pingamizi hili lina ukweli, ndiyo maana siku ya kuosha ichaguliwe. Hata katikati ya Januari, Buffalo hupata siku ambazo zebaki hupanda juu ya sifuri kwa saa kadhaa. Gari likishaoshwa, milango ifunguliwe na mipira yake ifutwe, kisha gari liendeshwe kwa dakika chache huku breki ikikanyagwa taratibu ili ikauke, na usiku huo breki ya mkono isivutwe kwa nguvu penye uwanja tambarare. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema ni heri kusubiri hadi msimu uishe, kwa kuwa chumvi itarudi kesho yake. Hoja hiyo inasahau kwamba kutu hufanya kazi kwa muda. Kila wiki ambayo tope la chumvi limeondolewa ni wiki ambayo chuma kimepumzika, na miezi mitano ya mapumziko ya hapa na pale hutofautisha gari la miaka kumi na mbili linalopita ukaguzi na lile linalokwenda kukatwa vyuma chakavu.

Pingamizi la pili ni la teknolojia: magari ya siku hizi yamepakwa zinki na yana kinga za plastiki, kwa nini tuhangaike? Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1980 watengenezaji wamepiga hatua kubwa, na gari la leo halitoboki milango kwa kasi ya magari ya miaka ya 1970. Lakini zinki hulinda chuma kwa kuliwa yenyewe kwanza. Ikikwanguliwa na changarawe, na ikilowa chumvi mfululizo, huisha. Kinga ya plastiki nayo huzuia mawe, ila nyuma yake hubaki nafasi ambamo majani na matope laini hukaa mwaka mzima bila kuonekana. Paipu za breki, vishikizo vya springi na boliti havifunikwi na kinga hizo. Tena wanaohusika zaidi na makala hii si wenye magari mapya. Ni wale wanaonunua gari likiwa limemaliza nusu ya maisha yake, wakati kinga za kiwandani zimeshachoka.

Pingamizi la tatu ni la mfuko. Familia inayolipa kodi ya nyumba, bima na bili ya gesi ya kupashia nyumba joto haitaki kuambiwa iongeze gharama. Hesabu inajibu. Kibanda cha kujioshea kwa sarafu hugharimu dola chache, na maji ya presha ya dakika tano yakielekezwa uvunguni badala ya kuchezea boneti yanatosha kwa wiki hiyo. Gharama haikuongezeka, imehamishwa kutoka panapoonekana kwenda panapooza. Ukichukua kadirio la AAA la karibu dola 500 kwa tengenezo moja, fedha hizo zinalipa miaka kadhaa ya kujioshea. Anayelipia kituo chenye mashine achague huduma yenye maji ya chini ya gari, na aulize kama suuza ya mwisho ni ya maji mapya, maana vituo vingi hutumia tena maji yaliyochujwa, na mchujo wa kawaida huondoa matope bila kuondoa chumvi iliyoyeyuka. Yupo pia anayesema gari lake ni la kupita tu, atalitupa baada ya miaka miwili. Gari hilo halitupwi. Mara nyingi huuzwa kwa jirani aliyefika baada yake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, na kutu ambayo wa kwanza hakuiosha humwangukia wa pili.

Pingamizi la nne ni zito kuliko yote: kwa nini tubebe mzigo wa kuosha badala ya kuitaka serikali ipunguze chumvi? Chumvi inaharibu maji pia. Jimbo la New York lenyewe lilikubali hivyo Desemba 2020, sheria ya kupunguza chumvi barabarani iliyopewa jina la Randy Preston ilipotiwa saini na kuunda jopo la kuchunguza hali ya milima ya Adirondack, ambako visima vya watu vimeingiwa na chumvi. Madai hayo ni ya haki na yaendelee. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Marquette wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba ajali hupungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika saa zinazofuata barabara kumwagiwa chumvi, na mji uliozika watu mwaka 2022 hautaiacha dawa hiyo kesho. Kupunguza kutakuja kwa vipimo bora na mashine bora, na mpaka siku hiyo chuma kitaendelea kuloa. Hoja ya mazingira ina funzo jingine: si kila mahali panafaa kuoshea. Maji yatiririkayo kutoka uani kwenda barabarani huingia mifereji ya mvua isiyo na mtambo wa kusafisha, na Cheektowaga mifereji hiyo huishia katika vijito kama Scajaquada, ambacho kimeteseka kwa uchafu kwa miaka mingi kabla ya kumwaga maji yake katika Mto Niagara. Uchafu wa uvunguni una mafuta, unga wa breki na chumvi. Kituo cha kuoshea hupeleka maji yake kwenye mfumo wa majitaka, kwa hiyo anayekwenda huko ametunza gari na kijito kwa pamoja.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa adabu ya chumvi. Mvuvi wa Unguja au Lamu mwenye mashine ya mashua huisuuza kwa maji matamu akitoka baharini, kwa kuwa anajua bahari iliyobaki ndani ya chuma haiachi kazi. Kilichobadilika kwa aliyehamia Buffalo ni kwamba bahari imeletwa barabarani kwa malori, bila harufu wala mawimbi ya kumkumbusha. Ndiyo maana ujuzi huu haupaswi kuachwa kwa kila mmoja aupate kwa hasara. Mashirika ya mapokezi hufundisha wageni jinsi ya kupata leseni, kununua bima na kuendesha kwenye barafu. Kipindi kimoja kwa Kiswahili kuhusu kuchagua gari lisilooza na kuosha uvungu wake kitaokoa ajira za watu, na kifanyike Oktoba, kabla malori ya chumvi hayajatoka. Makanisa na misikiti ambayo vijana wake huosha magari kuchangisha fedha yaingize uvungu katika huduma hiyo, na wafanye kazi hiyo kwenye kituo chenye mfereji wa majitaka. Mafundi wetu wanaofungua gereji ndogo wawe wa kwanza kukataa kazi ya kupulizia lami juu ya kutu kwa ajili ya kuuza, kwa sababu jina la fundi katika jamii ndogo husafiri haraka kuliko tangazo. Na kila mnunuzi, kabla ya kufungua mlango na kukaa kwenye kiti, apige magoti atazame juu ya tairi. Tukishika desturi hizo, fedha zetu za jasho zitabaki nyumbani, na breki zitashika siku zitakapohitajika.